Kutoka dereva wa kampuni mpaka lori lako mwenyewe hapa Marekani

Kila dereva akishapata uzoefu kidogo anaanza kuwaza lori lake, na sio vibaya, ila kabla hujamuaga dispacha wako, yule anayekupangia mizigo, ujue kuna njia tatu na watu wanazichanganya sana. Kuna kununua lori lako, kwa keshi au mkopo, halafu unaliingiza chini ya kampuni unafanya kazi kwa namba yao ya DOT, yani ya usajili wa serikali, na bima yao ya barabarani. Kuna kuchukua MC yako mwenyewe, yani kibali chako cha kubeba mizigo ya watu, hiyo ni biashara nyingine kabisa na bima ya mwaka wa kwanza itakutoa jasho. Halafu kuna ile ya kampuni kukukodisha lori lao wakikwambia ukimaliza kulipa ni lako.

Mi naongelea ya kwanza. Hiyo ya tatu kaa nayo mbali, na sio mimi tu nasema, kamati iliyoundwa na FMCSA, idara ya serikali inayosimamia malori, kuangalia hiyo mikataba ilitoa ripoti Januari 2025 ikashauri ipigwe marufuku. Fikiria tu, anayekupa mzigo ndo huyo huyo anayekudai lori, akikunyima kazi wiki mbili deni linapanda, ukishindwa unashuka, lori anapewa mwingine.

Haya, hesabu kwanza kabla ya kuangalia rangi ya lori. Tuseme wiki umeendesha maili 2,500, mizigo imeingiza dola 7,000 na mkataba wako ni asilimia 70, yako ni 4,900. Lori likienda maili 6.5 kwa galoni utachoma galoni kama 385, dizeli ikiwa dola 3.90 hapo imeshaondoka 1,500. Mkopo wa lori 650, kukodi trela 200, bima na vikatokato vingine 175, na senti 15 kwa kila maili unaweka ya matengenezo, hiyo ni 375. Imebaki 2,000. Dereva wa kampuni wa senti 60 kwa maili hiyo wiki kapata 1,500 na hajanunua hata oili. Kwa hiyo tofauti ni dola 500, na hapo lori halijalala gereji hata siku moja! Weka namba zako halisi, ukiona tofauti ni ndogo hivyo usiharakishe.

Lori lenyewe usinunue kwa picha. Nenda liwe limepoa, mwambie muuzaji asiliwashe kabla hujafika, likishawaka na kupata moto fungua kifuniko cha oili ukigeuze juu chini ukiweke kwenye tundu bila kukaza, kikirushwa na moshi ukafuata kwa nguvu aga uondoke, pistoni na ringi zimechoka. Chukua sampuli ya oili upeleke maabara, ni hela kidogo, na lipa fundi asiyejuana na muuzaji asome kompyuta ya injini. Mfumo wa moshi, yani DPF (kichujio cha masizi) na EGR (vali inayorudisha moshi kwenye injini), ndo unaofilisi watu wa lori la mtumba. Mi nasema usianze kama huna angalau dola 10,000 pembeni baada ya kununua, ukipasukiwa na turbo mwezi wa kwanza utanielewa.

Mkataba sasa. Omba nakala uende nayo nyumbani, wakikwambia saini hapa hapa ofisini achana nao. Sheria ipo, inaitwa 49 CFR 376, itafute usome hata kama kiingereza chake kinachosha. Inasema makato yote yaandikwe kwenye mkataba, ulipwe ndani ya siku 15 baada ya kukabidhi karatasi za mzigo, wasikulazimishe kununua kitu kwao kama sharti la kazi, na kama unalipwa kwa asilimia una haki ya kuona bili halisi ya mzigo. Hiyo ya mwisho watu hawaidai kabisa! Kuna jamaa alinionyesha karatasi yake ya malipo, kila wiki kuna mstari wa dola 85 umeandikwa "mengineyo", nikamuuliza ya nini, hajui, na hajawahi kuuliza. Kila mstari uulize.

Kodi usiisahau, sasa unapewa fomu ya 1099, ya mtu aliyejiajiri, na hakuna anayekukatia. Ya kujiajiri peke yake ni asilimia 15.3, bado ya mapato, na IRS, watu wa kodi wa serikali, wanataka ulipe mara nne kwa mwaka, tarehe 15 za Aprili, Juni, Septemba na Januari. Ila kuna afueni, siku unazolala barabarani unahesabu dola 80 kwa siku ya chakula na asilimia 80 yake inapunguza mapato yanayokatwa kodi, dereva wa kampuni wa W-2, yani mwajiriwa, hana hiyo. Ile fomu 2290, kodi ya barabara ya malori mazito, kila Agosti ni dola 550 kwa lori la paundi 80,000. Tafuta mhasibu anayejua malori, sio yule wa kila mtu.

Na siku ya kuondoka ikifika, toa notisi kwa maandishi, bandua stika zao zenye namba ya DOT, piga picha mlango ukiwa mtupu, rudisha kadi ya mafuta. Eskro yako, ile hela ya dhamana waliyokushikia, wana siku 45 kuirudisha pamoja na hesabu ya walichokata, zikipita andika barua ukitaja hiyo sheria ya 376.