Tamthilia ya kwenye boksi: vikaragosi vya kivuli na picha ya kuzungusha

Nimetoka kumsaidia mwalimu mmoja wa chekechea kutengeneza boksi la tamthilia na wenzake nao wanaulizia, basi naandika hapa mara moja. Kule Java, Indonesia, hivi vitu wanavyo toka zamani: wayang kulit ni vikaragosi vya ngozi ya nyati wa kufugwa vinavyochezeshwa nyuma ya kitambaa, na wayang beber ni mchoro mrefu ambao msimuliaji anaukunjua huku anahadithia. Sisi tunaviweka vyote kwenye boksi moja: mchoro unazungushwa dirishani na vivuli vya vikaragosi vinaangukia juu yake.

1. Boksi. Gumu, la printa linafaa. Mbele kata dirisha sentimita 30 kwa 20, nyuma acha wazi kabisa.

2. Vikaragosi. Manila nyeusi, wembe, kijiti cha mishikaki, selotepu. Mtu mchore kwa ubavu pua na kidevu vionekane, ukimchora uso kwa uso kivuli chake ni kama kiazi tu.

3. Mkanda wa picha. Sasa hapa ndo watu wanakesha. Chukua roli ya karatasi ya kuokea keki, ile ya upana wa sentimita 30, usihangaike kuunganisha A4 kwa gundi maana kila kiungo kikipigwa mwanga kinatoa mstari mweusi. Chora na maka pen upande wa watazamaji, kushoto kwenda kulia, na uache nusu mita tupu kila mwisho.

Mihimili ni mabomba mawili ya kupitishia nyaya, ya milimita 20, yasimame wima kushoto na kulia kwa dirisha, juu yachomoze ili upate pa kushika. Mpini wa fagio mi siupendi, mara nyingi umepinda kidogo na huko kupinda kidogo ndo kunaleta balaa, kwa sababu karatasi ikishikwa mshazari hata milimita mbili, kila mzunguko inapanda, inapanda, mwisho inajikunja juu ya boksi na hadithi bado iko katikati. Kwa hiyo kabla ya kubandika piga mstari mnyoofu kwenye bomba kwa urefu wake, ukingo wa karatasi uukalishe juu ya huo mstari, bandika selotepu katikati kwanza, zungusha mara mbili uone kama kingo zinalingana, ndo umalizie juu na chini. Matundu ya kwenye boksi ya kupitishia bomba yabane kiasi, yakilegea vesha kipande cha tyubu ya baiskeli, la sivyo ukiachia mkono karatasi inalegea na picha inafanya mawimbi.

Halafu upande. Mwanzo wa hadithi unajikunja kwenye bomba la kushoto kwa mtazamaji, ambalo kwako wewe uliyekaa nyuma ni la mkono wa kulia. Ukigeuza, kama umechora gari la kwenda Tanga litaenda kinyumenyume.

4. Mwanga. Tochi ya simu, nusu mita nyuma ya karatasi. Simu yenye taa mbili inatoa vivuli viwili, ziba moja na selotepu nyeusi. Mshumaa hapana kabisa, hiyo ni karatasi. Kikaragosi kikigusa karatasi kinakuwa kikali, ukikivuta kuelekea tochi kinakua na kufifia, kwa hiyo jini mwanzishe karibu na taa halafu msogeze mbele taratibu.

Mzungushaji na mchezesha vikaragosi wawe watu wawili, mikono ya mmoja haitoshi.