Maji ya kuku yasipate moto, hata bila umeme

Wafugaji wenzangu wa Dar, kuanzia Desemba hadi Machi angalieni maji kuliko hata pumba. Kuku hatoki jasho. Anajipoza kwa kuhema mdomo wazi, na kila akihema anapoteza maji. Ukimpa maji ya moto anadonoa mara moja tu, anatikisa kichwa, anaondoka.

Mimi natumia chungu cha udongo cha mdomo mpana, kisichopakwa rangi. Nakiloweka usiku kucha, asubuhi nakizika nusu kwenye mchanga uliolowa chini ya mwembe, kisha nakizungushia gunia la katani bichi. Chungu kinavuja unyevu kidogo kidogo, na unyevu ukikauka unaondoka na joto. Hewa yetu ya pwani ina unyevunyevu, kwa hiyo hakipozi kama kingepoza Dodoma. Ndiyo maana lazima kikae upepo unapopita, si nyuma ya ukuta. Saa nane mchana tia kidole, utaona tofauti na ndoo ya plastiki.

Kisugueni kila siku kwa brashi na maji matupu, maana udongo hunywa sabuni. Wenye vifaranga, wekeni kokoto ndani wasizame.

Na bomba likiwa limelala juani, maji ya kwanza yanaunguza kweli. Yakingeni kwa kufulia, subirini yanayotoka bombani yapoe ndipo mjaze chungu.