Ukisahau maneno jukwaani, fanya hivi

Jamani nyie mnaoigiza, hasa wadogo zangu mnaoanza hapa Kampala, hili nawaambia bure. Usikariri maneno umekaa kwenye kiti. Mimi nilikariri hivyo miaka, halafu siku moja tuko jukwaani umeme ukakatika ghafla, jenereta ikanguruma, kichwa kikawa cheupe kabisa, sikumbuki hata neno la kwanza. Nilitetemeka mpaka magoti.

Siku hizi nakariri nikiwa na kazi mikononi, namenya matoke, nafua, natembea kwenda steji ya bodaboda, na kila mstari najiuliza huyu mtu anataka nini kwa mwenzake hapa, anaomba pesa? anaficha aibu? maana ukijua anachotaka hata maneno yakipotea unaendelea kukitafuta kwa maneno yako na watu hawatagundua kitu. Na yakipotea kweli, toa pumzi yote nje taratibu kabla ya kuvuta nyingine, mtazame mwenzako machoni, muulize swali lolote linaloendana na pale mlipo, yeye atakurudisha. Ila mkubaliane kabla jamani, kwenye mazoezi, asije akashtuka.

Juzi mama alikuwa amelazwa, daktari anaongea mimi nasikia mvumo tu masikioni, nikajikuta nimetoa pumzi ile ile nikamwangalia nikamuuliza, "Daktari, leo nifanye nini kwanza?" Akanieleza polepole, nikaelewa. Nilishukuru sana kwamba jukwaa lilinifundisha.