Kiwanda kimekufa, eneo lipo: namna ya kuligeuza mtaa wa watu hapa Dar

Ukitoka Kamata kwenda Tazara kwa Nyerere Road, ambayo wazee wanaiita Pugu Road mpaka leo, unapita kuta ndefu hadi unachoka, ndani kuna magodauni, vingine ni viwanda vinapiga kazi na vingine vimebaki majani na mbwa wa mlinzi. Keko na Chang'ombe ni vilevile. Sasa kama wewe ni mwenye eneo la namna hiyo, au mko ushirika mnataka kununua, au uko ofisi ya mipango miji umeletewa faili, fuata haya. Nitakaa sana kwenye udongo na kwenye njia maana ndipo watu wanaporuka wakakimbilia kuchora maghorofa.

Anza na udongo, kabla hata ya kulipa hela ya eneo. Tafuta wazee waliofanya kazi pale, hao ndio ramani yako, wakuonyeshe oili chafu ilikuwa inamwagwa wapi, matanki ya dizeli yalifukiwa wapi, transfoma ilikaa wapi (mafuta ya transfoma za zamani mengi yana PCB, sumu isiyooza kirahisi). Na uliza kilikuwa kiwanda cha nini, maana cha kuchakata ngozi kinaacha chromiamu, cha betri kinaacha risasi (ile metali, lead kwa Kiingereza), na ikiingia kwa mtoto inaharibu ubongo, hairudi nyuma. Halafu ndio unachukua sampuli, sehemu nyingi na kina tofauti, juu na chini, pamoja na maji ya kisima kama kipo, unapeleka maabara inayoeleweka kama ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Usiseme eneo limekaa miaka mingi mvua imeshasafisha. Udongo wa Dar sehemu kubwa ni mchanga, mvua inachofanya ni kuishusha sumu kwenye maji ya chini, na wapo majirani wako wanaokunywa ya kisima.

Wamarekani waliona cha moto pale Love Canal, New York, kampuni ya kemikali ilifukia taka zake ikaiuzia bodi ya shule eneo kwa dola 1 mwaka 1953, shule ikajengwa, nyumba zikajengwa, kemikali zikavuja hadi kwa watu, na mwaka 1978 serikali ikatangaza dharura watu wakahamishwa.

Majibu yakitoka mabaya si lazima ukate tamaa. Penye sumu kali chimba uondoe, upeleke panapopokea taka hatarishi kwa kibali, sio kumwaga mto Msimbazi usiku. Penye kidogo unaweza kufunika kwa udongo safi halafu juu ukaweka barabara au parking, ila bustani ya mchicha hapo sahau kabisa. Na mapaa ya asbesto, ambayo vumbi lake linadhuru mapafu, usiruhusu vijana wayapige nyundo, yanaloweshwa maji, yanashushwa mazima na watu wenye vifaa.

Makaratasi sasa. Hati ya kiwanda sio ruhusa ya kujenga nyumba, lazima uombe kubadili matumizi ya ardhi kupitia halmashauri, na tathmini ya mazingira inapita NEMC, chombo cha taifa cha mazingira. Angalia pia hati imebakiza miaka mingapi, maana zinatolewa kwa 33, 66 au 99, unaweza kununua kitu kimebakiza robo.

Njia ndio roho ya kazi yote. Kiwanda kilijengwa kimejifungia, geti moja tu, mtu wa mtaa wa nyuma anazunguka ukuta mzima kwenda kupanda gari. Ukibomoa godauni ukajenga apartimenti ukaacha ukuta uleule umebadilisha nini? Chukua ramani, chora vichochoro vyote vya majirani vinavyogonga ukuta wako, kila kimoja kiingie ndani na kitokee upande wa pili. Vitalu viwe vifupi kama vya Kariakoo, mtu akitembea kidogo anapata kona. Ukiwa Nyerere Road basi njia pana kuliko zote ielekee kituo cha mwendokasi, ya miguu, yenye kivuli na taa, na bodaboda na bajaji uwapangie sehemu yao ya kusimama kabla hawajajipangia wenyewe. Stockholm, kwenye mtaa wa Hammarby Sjöstad ambao nao ulikuwa wa viwanda na bandari, tramu ilifika mwaka 2002 nyumba nyingi zikiwa bado hazijajengwa, yaani wengi waliohamia walikuta usafiri upo, hawakuwa na sababu ya kukimbilia kununua gari.

Majengo yasikuchukulie muda mrefu. Godauni lenye chuma kizima usivunje, linafaa soko au karakana za mafundi. Nyumba zielekeze upande mrefu kaskazini na kusini ili jua la jioni lisikuchome na upepo wa kusi na kaskazi upite, bili ya AC itapungua. Chini weka fremu ndogondogo zinazotazama barabara, na mama lishe aliyekuwa analisha wafanyakazi getini mpe nafasi kwanza, kwa maandishi. Magomeni Kota, hapa hapa Dar, nyumba za zamani zilivunjwa yakajengwa maghorofa, na kaya 644 zilizokuwepo ziliwekwa kwenye mpango zikapata nyumba pale pale, kwa hiyo mtu asikwambie kuwabakiza watu wa zamani haiwezekani.

Maji ya mvua usiyasukume kwa jirani wa bondeni. Acha sehemu ya chini kabisa iwe uwanja wa mpira unaokubali kujaa masika na kukauka baadaye, ila uwe mbali na pale penye sumu, maana ukipitisha maji hapo unaisukuma mpaka Gerezani kwenye mkono wa bahari.

La mwisho ni usimamizi. Tangu 2008 kuna sheria ya hati ya sehemu ya jengo, kila mwenye fleti anapata yake na wanaunda chama chao. Kiwango cha mchango wa pampu, lifti na usafi kiandikwe kwenye mkataba wa mauzo kabla mtu hajalipa, maana akishahamia hachangii tena bila ugomvi.