Somo: namna ya kumtambua mbu aliyeeneza malaria pwani za Ulaya

Ndugu zangu, malaria haikuwa ya nchi za joto peke yake. Mwaka 1809 Uingereza ilipeleka askari wapatao 40,000 kisiwa cha Walcheren, Uholanzi. Waliouawa vitani walikuwa mia moja na ushee. Magonjwa, malaria ikiwamo, yaliua kama 4,000. Mbu wa pwani ile ni Anopheles atroparvus. Anatambulika hivi.

1. Anza na maji. Hupenda maji yenye chumvichumvi yaliyotulia na kupigwa jua: mifereji na madimbwi ya vinamasi vya pwani, kama vile vya Kent na Essex. Viluwiluwi vyake hulala sambamba na uso wa maji. Vya Culex, mbu wa jamii nyingine, huning'inia kichwa chini.

2. Wakati wa baridi ingia zizini. Jike hasinzii moja kwa moja. Hujibanza penye joto, akinywa damu mara mojamoja bila kutaga. Zamani alijibanza hata vyumbani mwa watu, na hapo ndipo ubaya wake ulipokuwa: mmoja mwenye vimelea aliweza kuuma nyumba nzima, na homa ikazuka miezi mingi baadaye.

3. Mtazame akitua: kichwa chini, mkia juu.

4. Mayai, na hapa msiwe na haraka. Kundi lake, liitwalo maculipennis, lina mbu wanaofanana kama pacha. Mwaka 1926 Mwitaliano Falleroni aliona kwamba wanatofautiana kwa mayai. Chukua jike aliyeshiba damu, mweke kwenye chombo chenye maji kidogo, subiri siku kadhaa. Atataga moja moja. Chini ya hadubini yai ni kama kijimtumbwi chenye maboya ubavuni. La maculipennis mwenyewe lina mikanda miwili myeusi. La atroparvus lina mabaka meusi yaliyotapakaa. Siku hizi vipimo vya DNA humaliza ubishi, ila yai ndilo lililofumbua kwa nini sehemu nyingine zilijaa mbu bila malaria: ndugu zake wengine hupendelea ng'ombe.

MASWALI

– Mwalimu, huku Tanga tuna mbu wa maji ya chumvi. Ndiye huyu?
Hapana, ndugu. Huyo wenu ni Anopheles merus, wa ukoo wa gambiae, mbu wa malaria wa Afrika.

– Mbona kule malaria iliisha na mbu bado yupo?
Vinamasi vilikaushwa, nyumba zikawa bora, wagonjwa wakatibiwa. Uholanzi iliziba ghuba ya Zuiderzee mwaka 1932, maji yakapoteza chumvi yake. Mwaka 1970 Shirika la Afya Duniani likaitangaza nchi isiyo na malaria.

– Mwanangu anaishi Rotterdam, huja Kigoma likizo. Akirudi na vimelea, mbu wa huko wataambukiza wenzake?
Mama, ondoa shaka. Majaribio yalionesha kuwa kimelea cha malaria kiitwacho falciparum, cha Afrika, hakikomai ndani ya atroparvus. Kilichozoeana naye ni kimelea kingine, vivax. Ila mwanao akishikwa na homa baada ya kurudi, apime siku hiyohiyo na amwambie daktari kwamba ametoka Kigoma.