Kuwasha qulliq, taa ya Wainuit, na kuitunza isizimike

Aujuittuq ni kijiji cha Wainuit, wenyeji wa kaskazini ya mbali yenye baridi kali, kusini mwa kisiwa cha Ellesmere, Kanada. Sensa ya 2021 ilihesabu watu 144. Jua huzama huko mwishoni mwa Oktoba na halichomozi tena hadi katikati ya Februari. Kabla ya jenereta, Wainuit walivuka giza la namna hiyo kwa qulliq, taa ya jiwe laini yenye umbo la nusu mwezi. Taa hiyohiyo ilipasha nyumba joto, ikayeyusha barafu ya kunywa, ikapika na kukausha viatu. Mwenye kuitunza alikuwa mwanamke, na kazi yake haikuwa ndogo.

Anza na utambi, kwa sababu hapo ndipo wengi wanapokosea. Wakati wa kiangazi kusanya suputi, yaani sufi ya vichaka vifupi vya wilo, pamoja na kuvumwani itandayo juu ya mawe. Anika mpaka kuvumwani ivunjike ukiibana kwa vidole. Changanya, kisha fikicha kati ya viganja mpaka upate unga wenye nyuzinyuzi. Utambi wenye unyevu hutatarika na kuzimika.

Mafuta bora ni ya shahamu ya sili, mnyama wa baharini. Igandishe kwanza, halafu iponde kwa rungu: shahamu iliyokatwa tu hutoa mafuta kwa kusuasua, ila ikipondwa vifuko vyake hupasuka na mafuta hutiririka. Siku hizi, kwenye sherehe, wengi hutumia mafuta ya kupikia ya dukani, nayo huwaka vizuri.

Weka taa mahali imara, ukingo ulionyooka ukiwa upande wako, na uiinamishe kidogo tu kuelekea ukingo huo. Ikilala sawa, mafuta hubaki nyuma na utambi hukauka. Ikiinama mno, yatamwagika. Mimina mafuta yasifike juu ya ukingo. Loweka utambi kwa mafuta, upange mstari mwembamba ukingoni, washa sehemu moja, kisha sogeza moto polepole kwa taqqut, kijiti cha kuchokolea, mpaka mstari wote uwake.

Kuanzia hapo usiondoke. Moto mrefu wenye masizi una maana utambi umesimama juu mno au ni mnene: ukandamize kwa taqqut. Moto ukififia, tazama kama mafuta yamepungua. Kama yapo, utambi umeshindiliwa, ulegeze. Ukoko mweusi uparue, maana huziba njia ya mafuta. Unaotaka ni mwali mfupi, laini, usio na pengo.

Ndani ya nyumba ya theluji, tundu la juu liitwalo qingaq, yaani pua, lisizibwe kamwe: moto hula hewa na hewa chafu huua watu usingizini.

Ukizima, sukuma utambi ndani ya mafuta. Mabaki yake yahifadhi. Yamekwisha kulowa, na kesho yatashika moto upesi kuliko mapya.