Jinsi ya kuomba ruzuku na mafunzo ya utafiti wa utengamao ukiwa Uganda

Mwongozo huu nawaandikia wenzangu wa fiziotherapia, tiba kazi, tiba ya usemi, viungo bandia na uuguzi wa utengamao (yaani kumrudishia mtu uwezo wake baada ya ugonjwa au jeraha) hapa Uganda, wale wenye swali la utafiti linalowanyima usingizi lakini hawajui pa kulipeleka. Tangazo la ruzuku likitoka huwa limebakiza wiki chache kufungwa, na kazi inayotakiwa ni ya miezi. Ndiyo maana nasema uanze leo, hata kama hakuna tangazo lolote mbele yako.

Anza na daftari la kliniki

Kabla ya kufungua kompyuta, omba ruhusa kwa mkuu wa idara upitie daftari la mahudhurio la chumba cha mazoezi. Hesabu wagonjwa wa kiharusi au wa jeraha la uti wa mgongo waliofika mara ya kwanza, kisha hesabu waliorudi mara ya tatu. Usinakili majina, hesabu tu. Mimi nilifanya kazi hiyo kwa penseli, mchana mzima, nimekaa dirishani. Kulikuwa na kijana mmoja wa boda boda aliyeumia mgongo. Mbele ya jina lake palikuwa pameandikwa “arudi Jumatano”. Niligeuza ukurasa wa Jumatano ile, na iliyofuata, na iliyofuata tena. Hakuwapo. Nilipomaliza kuhesabu nilikuwa na swali langu: mazoezi ya nyumbani yanayofuatiliwa na mhudumu wa afya wa kijiji yanaweza kumfikia huyu ambaye nauli ya kurudi hospitali imemshinda?

Takwimu kubwa zina nafasi yake. Jarida la Lancet lilichapisha makadirio kwamba mwaka 2019 watu bilioni 2.41 duniani walikuwa na hali ya kiafya ambayo utengamao ungeisaidia. Sensa ya Uganda ya 2014 ilikuta ulemavu kwa asilimia 12.4 ya watu wenye umri wa miaka 2 na kuendelea. Utafiti uliofanywa Iganga na Mayuge na kuchapishwa mwaka 2017 ulikadiria watoto 2.9 wenye mtindio wa ubongo katika kila watoto 1,000. Zitaje, lakini usizifanye sentensi ya kwanza ya andiko lako. Msomaji wa maombi amekwisha kuzisoma kwa waombaji kumi waliokutangulia. Hesabu ya daftari lako hajaiona popote.

Chagua mlango unaokufaa

Wengi wetu hukosea hapa kwa kukimbilia ruzuku kubwa kwanza. Kama huna hata makala moja iliyochapishwa wala data za majaribio, tafuta fedha ndogo za hapa nyumbani. Walioko Makerere wana mfuko wa utafiti na ubunifu wa chuo, Mak-RIF, ulioanza mwaka 2019 kwa fedha za serikali. Ukiwa hospitali ya wilaya au hospitali ya utengamao kama CoRSU kule Kisubi, tafuta mwenzako wa Makerere mwenye swali linalofanana na lako, mtume ombi pamoja. Chuo Kikuu cha Mbarara kinafundisha shahada ya fiziotherapia, na Kyambogo wana historia ndefu katika utengamao wa kijamii. Huko ndiko wenzako waliko.

Anayetaka shahada ya uzamivu aangalie CARTA, muungano wa vyuo na taasisi za utafiti za Afrika unaosomesha wahadhiri wa vyuo wanachama. Makerere ni mwanachama. Ufadhili wa Jumuiya ya Madola nao uko wazi kwa Waganda, na kwa kawaida maombi yake hufunguliwa mwishoni mwa mwaka kwa masomo ya mwaka unaofuata. Wellcome, mfuko wa utafiti wa afya wa Uingereza, hupokea maombi ya watafiti kutoka nchi kama yetu.

Marekani ndiko kwenye taasisi inayobeba jina la kazi yetu. Ndani ya NIH, taasisi za taifa za afya za Marekani, kuna kituo cha taifa cha utafiti wa utengamao wa kitabibu, NCMRR, kilichoundwa mwaka 1990. Kituo hicho kimekuwa kikifadhili mtandao wa vituo vya vyuo vikuu vinavyofundisha watafiti wa utengamao. Kimoja ni LeaRRn cha Chuo Kikuu cha Brown. Pia kimefadhili programu ya ReproRehab ya University of Southern California inayofundisha uchambuzi wa data. Kuna pia warsha ya kuandika maombi inayoitwa TIGRR, ambapo mshiriki hukaa na walezi wa kitaaluma na andiko lake mkononi. Warsha hiyo imelenga zaidi watafiti wa Marekani, lakini mbinu zinazofundishwa na vituo hivi zitakufaa popote ulipo, na mihadhara mingi imewekwa kwenye intaneti bure. Itafute hata kabla ya kufikiria ruzuku.

Kwa mtafiti wa Uganda, mlango wa NIH ulio karibu zaidi umekuwa kituo chake cha afya ya kimataifa, Fogarty, na tuzo yake ya viongozi chipukizi inayojulikana kama K43. Mwombaji wa tuzo hiyo huwa na cheo cha kitaaluma au cha utafiti katika taasisi ya nchi yake, na walezi wawili, mmoja wa kwao na mmoja wa Marekani. Taasisi yake nayo inaahidi kumwachia angalau asilimia 75 ya muda wake kwa utafiti na mafunzo. Asilimia 75 ni siku karibu nne kati ya tano za kazi. Mkuu wa idara anayekuhesabu katika zamu za wodi lazima aelewe hilo kabla hajaweka sahihi.

Neno moja la tahadhari. Mei 2025 NIH ilitangaza kwamba haitatoa ruzuku mpya zenye fedha za kupitishwa kutoka taasisi ya Marekani kwenda taasisi ya nje hadi mfumo mpya uwekwe. Kwa hiyo usifuate tangazo ulilotumiwa na rafiki kwenye WhatsApp. Fungua tangazo lenyewe, soma tarehe yake ya kumalizika, soma nani anaruhusiwa, kisha mwandikie afisa programu aliyetajwa mwishoni. Barua yako iwe na aya moja ya swali lako na aya moja ya wewe ni nani. Maafisa hao hujibu, na jibu la “hili halitufai” linakuokolea miezi mitatu.

Sajili taasisi mapema

Hili nalisema kwa uchungu. Ombi langu la kwanza halikusomwa na mtu yeyote. Nilikuwa nimelimaliza, limehaririwa mara nne, barua za walezi zimekuja, na taasisi niliyokuwa nikifanya kazi ikawa haijakamilisha usajili wake. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Ofisi ilidhani ni kazi ya siku mbili.

Kwa NIH taasisi inahitaji kwanza namba ya utambulisho ya NCAGE, kwa kuwa iko nje ya Marekani, kisha usajili wa SAM.gov, mfumo wa serikali ya Marekani unaotoa namba ya utambulisho iitwayo UEI, kisha Grants.gov, tovuti ya kutumia maombi ya ruzuku, kisha eRA Commons, mfumo wa NIH yenyewe wa kufuatilia maombi. Wewe mwenyewe unahitaji akaunti ya eRA Commons iliyofungamanishwa na taasisi, na namba ya ORCID inayomtambulisha mtafiti. NIH yenyewe inashauri kuanza angalau wiki 6 kabla ya tarehe ya mwisho. Mimi nasema miezi minne. Jina la taasisi liandikwe namna ileile kila mahali, herufi kwa herufi, kama lilivyo kwenye cheti cha usajili. “Ltd” iliyosahaulika inatosha kurudisha faili. Usajili wa SAM.gov huhuishwa kila mwaka, hivyo hata kama taasisi yako ilisajiliwa zamani, nenda ofisi ya ruzuku uulize unaisha lini. Ukikuta anayejua nywila alishahama kazi, utashukuru kwamba uliuliza mapema.

Andika ukurasa mmoja kwanza

NIH huita ukurasa huu malengo mahususi, na haupaswi kuzidi ukurasa mmoja. Hata kama unaomba kwingine, uandike. Ndio utakaoupeleka kwa mlezi unayemtaka, kwa afisa programu na kwa mkuu wa idara.

Aya ya kwanza inasema tatizo na pengo. Ya pili inasema utafanya nini na kwa nini wewe. Kisha malengo mawili au matatu, kila moja na mbinu yake na matokeo yanayotarajiwa. Kosa ninaloliona mara nyingi ninaposoma maandiko ya vijana wetu ni malengo yanayotegemeana kama matofali ya mnara: la kwanza likianguka, la pili na la tatu yanakwenda nalo. Kama lengo la kwanza ni kutengeneza programu ya mazoezi ya nyumbani na la pili ni kuipima, jiulize utapima nini iwapo programu haikukamilika. Afadhali lengo la kwanza liwe kujua kwa nini wagonjwa hawarudi. Jibu la hilo lina thamani hata likisimama peke yake.

Jambo lingine: usilivalishe swali lako nguo za ugonjwa mwingine ili lipate fedha. Nimeona utafiti mzuri wa kutembea baada ya kiharusi ukigeuzwa kuwa wa maambukizi kwa sababu wito ulikuwa wa maambukizi. Wasomaji wanagundua, nawe unabaki na mradi usioupenda kwa miaka mitano. WHO ilizindua wito wa Utengamao 2030 mwaka 2017, na Mei 2023 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ukapitisha azimio la kuimarisha utengamao ndani ya mifumo ya afya. Swali lako lina pa kusimama kwa jina lake lenyewe.

Ili kujua nani amewahi kufadhiliwa kwa swali kama lako, ingia kwenye hifadhidata ya NIH iitwayo RePORTER, andika neno lako na nchi. Utaona muhtasari wa miradi na majina ya viongozi wake. Hapo ndipo walezi hupatikana. Makala zilizofungwa kwa malipo utazisoma kupitia Hinari, mpango wa WHO wa majarida ya afya, ambako taasisi za Uganda zinaruhusiwa bure. Muulize mkutubi wenu.

Bajeti

Bajeti yetu ina vitu ambavyo watafiti wa maabara hawavijui, na tukisahau kuviandika wagonjwa ndio hulipa. Mtu wa kiti cha magurudumu hapandi boda boda, anahitaji gari dogo, na msindikizaji wake naye anakula. Weka mkalimani wa lugha ya alama. Weka tafsiri ya fomu na tafsiri ya kuirudisha kwenye lugha ya awali ili kuihakiki. Weka ada za kamati ya maadili na za UNCST, baraza la sayansi linalotoa kibali cha utafiti. Gharama za uendeshaji ambazo NIH huilipa taasisi ya nje huishia asilimia 8, na ofisi ya fedha izijue tangu mwanzo ili isije ikataka zaidi siku ya kusaini.

Vibali vya hapa nyumbani

Utafiti wowote wa binadamu Uganda hupita kwanza kwenye kamati ya maadili iliyoidhinishwa, kisha hupewa kibali na Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia, UNCST, kupitia mfumo wake wa mtandaoni wa NRIMS. Kamati ziko Mulago, Makerere, Mbarara, Gulu, taasisi ya utafiti wa virusi (UVRI) Entebbe na kwingineko. Chagua iliyo karibu na mahali utakapofanyia kazi. Andaa itifaki, yaani mpango kamili wa utafiti, fomu za ridhaa kwa Kiingereza na lugha za wahusika, dodoso, wasifu wa watafiti na vyeti vya mafunzo ya kulinda washiriki. Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019 nayo inakuhusu. Baada ya hapo unabaki na ruhusa ya hospitali yenyewe, na adabu ya kujitambulisha kwa afisa wa afya wa wilaya.

NIH haidai kibali cha maadili siku ya kutuma ombi. Hukiomba baadaye, ombi likionekana kuelekea kufadhiliwa. Hata hivyo rasimu ya itifaki iwe tayari.

Fomu ya ridhaa ndiyo iliyonifundisha zaidi. Kule Arua, ambako Kiswahili husikika sokoni na kliniki, nilikuwa nimeandika kwamba washiriki “watachaguliwa kwa bahati nasibu”. Mama mmoja aliyembeba mwanawe mwenye mtindio wa ubongo alinisikiliza hadi mwisho, akaniuliza kwa upole, “Sasa daktari, tiketi yake ni shilingi ngapi?” Alikuwa tayari kukopa. Tuliiandika upya: kila mzazi atafungua bahasha iliyofungwa, ndani imeandikwa kundi la mtoto wake, hakuna malipo, na daktari hajui kilichomo. Isome fomu yako kwa sauti mbele ya wazazi watatu kabla ya kuipeleka kamati.

Kutuma na kusubiri

Saa ya mwisho ya NIH ni saa 11 jioni kwa saa za taasisi inayoomba, yaani saa za Kampala. Tuma wiki moja kabla. Mfumo hukagua faili na kutoa orodha ya makosa, na ombi lenye makosa haliendi mbele. Umeme ukikatika siku ya mwisho hakuna wa kumlilia.

Vigezo vikuu vya ombi hupewa alama 1 hadi 9, 1 ikiwa bora, na alama ya jumla huenda 10 hadi 90. Maoni ya wasomaji yakija, yasome mara moja, yafunge, uyafungue tena baada ya wiki. Una miezi 37 tangu ulipotuma ombi la kwanza ya kuwasilisha upya. Katika ukurasa wa utangulizi wa ombi la marudio jibu kila hoja waziwazi, hata ile unayoamini msomaji amekosea, na useme umebadilisha nini na kwenye sehemu gani.

Fedha zikiingia, andika kwenye kalenda tarehe ya mwisho ya kibali cha kamati ya maadili. Kwa kawaida ni mwaka mmoja. Peleka maombi ya kukihuisha miezi miwili kabla, la sivyo siku kikiisha unalazimika kusimamisha kazi, na mgonjwa aliyepanda gari kutoka Koboko atakuta mlango umefungwa.